CHEMA CHAJIUZA? Maisha ya Abraham-Louis Breguet, Fundi wa Saa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kila mtihani wa insha ukija hakosekani mwenzetu wa kuitumia. Lakini je, kitu chema, hata kiwe chema vipi, kinaweza kujiuza chenyewe bila mkono wa mtu? Katika makala haya nitakusimulia, msomaji mpenzi, maisha ya fundi mmoja aliyetengeneza saa nzuri kuliko karibu wenzake wote wa zama zake. Aliwauzia wafalme na malkia, kisha siku moja akajikuta hana wa kumuuzia. Yaliyomkuta, na njia aliyoitumia kujinasua, yatatusaidia kuipima methali hiyo.

Fundi huyo ni Abraham-Louis Breguet. Huenda hujawahi kulisikia jina hilo, lakini ukitazama saa ya mkono ya mwalimu wa zamu asubuhi, ujue kuna mengi ndani yake na juu yake yaliyoanzia mezani pa mtu huyu.

KUZALIWA NA KUKULIA

Breguet alizaliwa tarehe 10 Januari 1747 katika mji wa Neuchâtel, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, chini ya milima ya Jura. Leo mji huo umo nchini Uswisi, ila zama hizo ulikuwa chini ya mfalme wa Prussia, na haukuingia katika shirikisho la Uswisi kama mkoa kamili hadi mwaka 1814. Wazazi wake, Jonas-Louis na Suzanne-Marguerite, walikuwa Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa.

Sehemu hizo zilikuwa zimeshaota mizizi katika ufundi wa saa. Katika karne ya 16, viongozi wa dini mjini Geneva walipiga vita mapambo ya anasa, na masonara wengi wakageukia saa kwa kuwa saa ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1601 mafundi wa mji huo waliunda chama chao chenye kanuni kali za kazi. Baadaye ufundi ukapanda milimani. Huko Jura theluji hufunika mashamba kwa miezi kadhaa kila mwaka, na wakulima ambao wangekaa bure wakiota moto walishika tupa ndogo ndogo wakachonga vipuri vya saa nyumbani. Nyumba hii ilichonga magurudumu, ile skurubu, na ya tatu ikaunganisha vyote. Basi mtoto wa Neuchâtel kujua habari za saa lilikuwa jambo la kawaida, kama vile mtoto wa Lamu anavyokua akiona majahazi yakiundwa.

Hata hivyo, Breguet hakuipenda kazi hiyo tangu mwanzo. Babake alifariki mwaka 1758, yeye akiwa na miaka 11 tu. Mamake akaolewa na Joseph Tattet, mtu wa ukoo wa mafundi saa uliokuwa na duka mjini Paris. Baba wa kambo akamketisha kijana mezani na kumpa vifaa. Kwa kijana mwenye damu moto, kukaa kitako kutwa nzima ukichungulia gurudumu dogo kuliko punje ya mtama ilikuwa kama adhabu! Lakini haba na haba hujaza kibaba. Polepole alianza kuona maajabu yaliyomo ndani ya kile chombo, akanogewa. Mwaka 1762, akiwa na miaka 15, alipelekwa Ufaransa kuwa mwanagenzi katika mji wa Versailles, uliokuwa makao ya mfalme.

MASOMO YA USIKU

Wenzangu mnaouliza kila siku ati hisabati itawasaidia nini maishani, hebu tegeni sikio hapa. Mchana Breguet alijifunza kazi ya mikono, na jioni, badala ya kwenda kustarehe, alihudhuria masomo ya hisabati katika Collège Mazarin mjini Paris. Mwalimu wake alikuwa padri aliyeitwa Joseph-François Marie. Padri huyo alimwona kijana ana kichwa chepesi, akampenda na kumshika mkono. Mamake Breguet na baba wa kambo walipoaga dunia, padri ndiye aliyekuwa kama mzazi kwake. Isitoshe, alikuwa na marafiki katika jumba la mfalme, na kupitia kwake jina la Breguet likaanza kutajwa na wakubwa.

Mafundi wengi wa zama hizo walifuata walichoonyeshwa na baba zao. Breguet aliweza kukaa na kalamu akakokotoa kwa nini saa inachelewa na inachelewa kwa kiasi gani. Hapo ndipo alipowaacha nyuma.

Mwaka 1775 alimwoa Cécile L'Huillier, na mali aliyokuja nayo mkewe ikamsaidia kufungua duka lake mwenyewe. Duka hilo lilikuwa Quai de l'Horloge, kwenye kisiwa kilichoko katikati ya mto Seine mjini Paris. Jina hilo maana yake ni gati la saa, kwa hiyo hata anwani yake ilimtangaza! Walijaliwa mtoto wa kiume, Antoine-Louis, aliyezaliwa mwaka 1776. Lakini mkewe hakuishi sana. Alifariki mwaka 1780, na Breguet hakuoa tena.

MTEMBEO WA MTU WAWA UFUNGUO

Mwaka huo huo wa 1780, Breguet alimuuzia mtawala wa Orléans saa ya ajabu. Saa zote za mfukoni zama hizo zilitiwa ufunguo kila siku ili kuikaza kamani, yaani ile springi inayosukuma magurudumu. Usahaulifu wa siku moja tu, saa kimya! Katika saa hii Breguet alitia uzito mdogo unaochezacheza kila mwenye saa anapotembea, na mchezo huo ndio unaoikaza kamani. Mwenye saa alitakiwa kutembea tu. Breguet hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo, kwani fundi mwingine wa kwao Jura, Abraham-Louis Perrelet wa Le Locle, alikuwa amelishughulikia kabla yake. Lakini Breguet ndiye aliyeifanya saa hiyo iwe ya kutegemewa hata ikaweza kuuzwa. Mwaka 1782 Malkia Marie-Antoinette wa Ufaransa naye akapata yake.

Kutoka hapo uvumbuzi ulimiminika kama mvua ya masika. Kulikuwa na saa zinazogonga ili kumwambia mwenye nayo wakati gizani. Ndani yake mlikuwa na kengele ndogo, ikaifanya saa kuwa nene kama andazi. Mnamo 1783 Breguet aliiondoa kengele na mahali pake akaweka waya wa chuma uliopindwa, saa ikawa nyembamba na sauti ikawa tamu zaidi. Alibuni akrabu nyembamba zenye kijiduara kilicho wazi karibu na ncha, ambazo mafundi duniani wanaziita kwa jina lake hadi leo. Aliupamba uso wa saa kwa nakshi za mistari midogo iliyochongwa kwa mashine, na nakshi hizo zilikuwa na kazi yake, kwani zilizuia uso usimetemete na kumsumbua msomaji.

Mnamo 1790 alikuja na kinga ya mhimili wa gurudumu la mizani, sehemu dhaifu kuliko zote katika saa. Hapo awali saa ikianguka mhimili huo ulivunjika kama kijiti cha kiberiti. Breguet aliushikilia kwa springi ndogo ili ukigongwa unepe kisha urudi mahali pake. Inasimuliwa kwamba siku moja, mbele ya wageni katika nyumba ya mwanasiasa Talleyrand, alichukua saa yake akaitupa sakafuni puu! Wageni wakashika vichwa. Ilipookotwa, kumbe bado inatembea. Huyo, wenzangu, alijua kuuza.

SAA YA MALKIA

Sasa tuje kwenye saa iliyo mashuhuri kuliko zote. Mwaka 1783 aliletewa maagizo ya saa kwa ajili ya Malkia Marie-Antoinette, na inasimuliwa kwamba mletaji alikuwa afisa wa walinzi wake. Saa hiyo ilitakiwa iwe na kila ufundi uliojulikana: igonge saa na dakika, ionyeshe tarehe, siku na mwezi bila kukosea hata mwaka mrefu unapofika, ipime joto, na ijitie ufunguo yenyewe. Pale ambapo dhahabu ingeweza kutumiwa badala ya madini mengine, itumiwe dhahabu. Bei haikuwekewa mpaka, na wala muda haukuwekewa mpaka.

Kwa muuzaji yeyote, hiyo ni ndoto. Mteja hana haraka na hana swali kuhusu bei! Breguet aliipa kazi hiyo nambari 160 katika madaftari yake, akaanza. Hakujua kwamba muda usio na mpaka ungegeuka kuwa jambo la huzuni.

KISU CHAFIKA MFUPANI

Mwaka 1789 Ufaransa ililipuka kwa Mapinduzi. Wananchi waliochoshwa na njaa na kodi waliugeukia utawala wa mfalme. Wateja wa Breguet walikuwa kina nani? Ni wale wale waliokuwa wakisakwa! Wengine walikimbilia nje, wengine wakafungwa. Saa ya dhahabu iliyokuwa fahari jana ikawa ushahidi wa kumtia mtu matatani leo. Malkia mwenyewe, akiwa kifungoni mwaka 1792, inaelezwa kwamba aliletewa saa nyingine ya Breguet iliyo sahili kabisa. Ile kubwa ilikuwa bado vipande vipande mezani.

Jambo la kushangaza ni kwamba Breguet alikuwa na rafiki upande wa pili pia. Jean-Paul Marat, mmoja wa viongozi wakali wa Mapinduzi, alizaliwa Boudry, jirani kabisa na Neuchâtel. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja watu wenye hasira waliizingira nyumba ambamo Marat na Breguet walikuwamo, wakitaka Marat atolewe. Breguet akamvika nguo za kike kama ajuza, wakatoka wameshikana mikono taratibu, umati ukawapisha. Wema hauozi. Breguet naye alipohesabiwa miongoni mwa watu wa mfalme na roho yake kuwa hatarini, Marat alimsaidia kupata kibali cha kusafiri. Marat aliuawa mwezi wa Julai 1793. Mwezi uliofuata Breguet aliondoka Paris na mwanawe. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo, Malkia Marie-Antoinette alikatwa kichwa.

Breguet akarudi kwao. Alikaa Geneva, Neuchâtel na hatimaye Le Locle, ambako alifungua karakana ndogo na wafanyakazi wachache. Hebu mfikirie: miaka 46, jina lake linajulikana kotekote Ulaya, naye anaanza upya kama mwanagenzi. Saa zake hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa njema vile vile. Waliokosekana ni wanunuzi. Kama chema kingejiuza chenyewe, mbona hakikujiuza wakati huo?

SAA YENYE MKONO MMOJA

Ni katika dhiki hiyo alipofikiri sana. Mwaka 1795 alirejea Paris akaikuta biashara yake imeporomoka. Fedha za kununulia dhahabu na kuwalipa mafundi hakuwa nazo. Matajiri wa zamani walikuwa wamekwisha au wamekimbia. Angefanya nini? Kukata tamaa? La hasha!

Alibuni saa ya namna nyingine kabisa. Ilikuwa kubwa, imara, isiyo na makuu, na yenye mkono mmoja tu. Uso wake uligawanywa kwa alama za dakika tano tano, hivi kwamba mkono huo mmoja ulitosha kumwonyesha mtu saa na hata kukadiria dakika. Vipuri vilikuwa vichache, kwa hiyo iliwezekana kutengeneza nyingi za aina moja, na fundi yeyote mwenye akili aliweza kuirekebisha.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kuiuza. Breguet alichapisha kijitabu kilichoieleza saa hiyo waziwazi, pamoja na bei yake: livre 600, fedha ya Ufaransa ya wakati ule. Mnunuzi alitoa arbuni ya robo ya bei anapoagiza, na zilizobaki alilipa anapokabidhiwa. Robo hiyo ndiyo iliyomwezesha fundi kununua malighafi na kulipa mishahara. Kwa maneno mengine, wateja wenyewe ndio waliokuwa benki yake! Hesabu ni rahisi: robo ya 600 ni 150. Wateja kumi wakija, una 1500 kabla ya kuchonga hata gurudumu moja.

Lakini tafakari, msomaji: nani atakubali kumpa mtu robo ya fedha zake kwa kitu ambacho hakijaundwa bado? Ni yule tu anayemwamini. Miaka ishirini ya kazi safi ndiyo iliyokuwa dhamana ya Breguet. Saa kama 700 za aina hiyo ziliuzwa, na karakana ikafufuka. Mtu aliyezoea kuwauzia wafalme aliokolewa na wateja wa kawaida: maafisa, wafanyabiashara na wasomi.

KISULISULI NDANI YA SAA

Mikono yake ilipopata nafasi, akili yake nayo ikarudi kwenye maswali magumu. Saa ya mfukoni hukaa wima muda mrefu, na uvutano wa dunia hulivuta gurudumu la mizani upande mmoja. Kosa ni dogo, lakini hurudiwa maelfu ya mara kwa siku. Breguet alifikiri hivi: kama siwezi kuuondoa uvutano, nitalizungusha lile gurudumu ili liuonje kwa pande zote sawasawa. Akaliweka pamoja na sehemu zinazoliendesha ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka polepole, mara nyingi mzunguko mmoja kwa dakika. Makosa ya upande huu yakafuta makosa ya upande ule. Ni kama mama anayechoma mahindi kando ya barabara: moto unatoka chini tu, lakini kwa kuwa anayageuza geuza, yanaiva pande zote.

Kifaa hicho alikiita turbioni, jina la Kifaransa lenye maana ya kisulisuli. Alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, tarehe 26 Juni 1801 kwa muda wa miaka kumi. Kazi yake ilikuwa ngumu mno, na hadi kufa kwake ziliuzwa kama 35 tu. Turbioni moja ya mwanzo aliitia katika saa iliyotengenezwa na John Arnold, fundi mkuu wa London aliyekuwa rafiki yake, na mwaka 1808 akamkabidhi mwanawe Arnold iwe kumbukumbu ya babake. Saa hiyo leo imo katika jumba la makumbusho la British Museum. Kumbuka kwamba Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani wakati huo. Mafundi hao wawili walikuwa wamepeana hata wana wao wafundishwe kazi, kila mmoja kwa mwenzake.

WATEJA WA KILA PEMBE

Mnamo Aprili 1798, jenerali kijana aliyeitwa Napoleon Bonaparte alinunua kwa Breguet vitu vitatu, mojawapo ikiwa saa ndogo ya safari yenye kalenda. Wiki chache baadaye aling'oa nanga kwenda Misri. Wateja wengine walitoka Urusi, Uhispania na Uturuki. Kwa Waturuki alitengeneza saa zenye tarakimu zao. Inafurahisha kujua kwamba Waturuki wa enzi hizo walianza hesabu ya saa jua linapotua, kama sisi Waswahili tunavyoanza hesabu ya saa za usiku. Breguet alielewa kwamba muuzaji mwema husoma desturi ya mnunuzi.

Mwaka 1810, dadake Napoleon, Caroline Murat, malkia wa Naples, aliagiza saa ya kuvaliwa mkononi. Wakati huo saa zilikuwa za mfukoni au za kuning'inizwa. Ilikamilika mwaka 1812, ikafungwa kwa ukanda uliosukwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu, kwa bei ya faranga 5000. Wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa saa ya mkono ya kwanza inayojulikana kuagizwa na kutengenezwa kwa ajili hiyo. Haijulikani iliko leo. Tunazijua habari zake kwa sababu moja tu: Breguet aliandika kila kitu.

Naam, madaftari! Kila saa iliyotoka dukani ilikuwa na nambari yake, na katika daftari mliandikwa ni ya namna gani, ameuziwa nani na kwa bei gani. Saa ikirudishwa kutengenezwa, iliandikwa. Ikinunuliwa tena na duka na kuuzwa kwa mwingine, iliandikwa. Kulikuwa na sababu. Sifa zake zilipoenea, matapeli walizagaa Ulaya nzima wakiuza saa mbovu zenye jina Breguet, sawa na zile saa za bandia tunazotembezewa mitaani hadi leo. Kutoka mwaka 1795 hivi, alianza kuchora kwenye uso wa saa zake sahihi ya siri, ndogo mno, inayoonekana tu mwanga ukiipiga kwa ubavu. Mnunuzi aliyejua alitazama sahihi, kisha nambari, kisha daftari. Vitatu vikipatana, amepata saa ya kweli.

SIKU ZA MWISHO

Heshima zilimjia uzeeni. Mwaka 1814 aliingia katika baraza la Ufaransa lililoshughulikia vipimo vya longitudo. Mwaka 1815 aliteuliwa kuwa fundi wa saa wa jeshi la majini. Kazi hii haikuwa ya mapambo, kwani baharini nahodha asiye na saa sahihi hawezi kujua yuko wapi mashariki au magharibi, na kosa la dakika chache laweza kuipandisha meli mwambani. Mwaka 1816 aliingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka 1819 akapewa nishani ya Légion d'honneur.

Wanaosimulia habari zake wanamtaja kuwa mtu mpole, aliyekuwa kiziwi uzeeni lakini mwenye uso mkunjufu daima. Inasemekana fundi wake akileta hati ya malipo iliyoishia na sifuri, naye akaridhika na kazi, alichukua kalamu akaitia ile sifuri mkia ikawa tisa. Inasemekana pia kuwa aliwahimiza vijana wasivunjwe moyo na kushindwa. Bila shaka alijua analolisema.

Breguet aliaga dunia mjini Paris tarehe 17 Septemba 1823, akiwa na umri wa miaka 76. Alizikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Na ile saa ya malkia? Antoine-Louis, mwanawe, alihakikisha imekamilika. Ilimalizika mwaka 1827, ikiwa na vipuri 823, miaka 44 baada ya kuagizwa, miaka 34 baada ya malkia kuuawa na minne baada ya fundi mwenyewe kufa. Baadaye ilifika katika jumba la makumbusho mjini Jerusalem, ikaibwa humo mwaka 1983, na mwaka 2007 ikatangazwa kuwa imepatikana.

TUNAJIFUNZA NINI?

Pana swali moja linalofaa kuulizwa bila kuona haya. Mwishoni mwa mwaka 1969 Wajapani walianza kuuza saa ya mkono ya kwazi, inayoendeshwa na betri. Tangu hapo, saa ya bei ya chini imekuwa ikishika wakati vizuri kuliko turbioni ya bei ya nyumba. Maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi katika miaka ya 1970 na 1980. Mbona basi saa za ufundi wa mkono hazikufa? Jina la Breguet lilinunuliwa mwaka 1999 na kampuni ya Swatch Group, na saa zenye jina hilo hutengenezwa katika milima ile ile ya Jura. Mnamo Desemba 2020, UNESCO iliuweka ufundi huo wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu.

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika lile daftari. Anayenunua saa kama hiyo hanunui wakati, maana wakati anao bure kwenye redio. Ananunua hakika kwamba mtu fulani aliketi, akafanya kazi kwa uaminifu, akaandika nambari, na akawa tayari kuulizwa hata baada ya miaka mia mbili.

Sasa turudi kwa wahenga. Chema chajiuza, ni sawa, lakini kwanza lazima kiwe na mtu anayekisimamia. Saa za Breguet zilikuwa njema mwaka 1793 na hazikuuzika. Zilipouzika tena, ni kwa sababu mwenyewe alikubali kushusha bei, akaeleza waziwazi anachouza, na watu wakakumbuka kwamba hajawahi kuwadanganya. Siku za dhiki, akiba aliyobaki nayo ilikuwa ni jina lake.

Sisi tulioko shuleni hatujaunda saa. Lakini kila mmoja wetu ana daftari lake, na kila siku kuna kinachoandikwa humo: kazi uliyoifanya mwenyewe au uliyonakili kwa mwenzako, ahadi uliyoitimiza au uliyoivunja. Iko siku utahitaji mtu akuamini kwa robo ya bei kabla hujaonyesha kitu. Siku hiyo watafungua daftari. Kazi kwako, msomaji.